Aliyeandika Mwisho

9 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba hii. Mimi mzima, watoto wazima na wanagombana kama kawaida yao, wifi yako naye hajambo ingawa mgongo unamsumbua tangu tuanze kumnyanyua mama. Nimelazimika kushika kalamu na mkono umeshasahau, kwa hiyo mwandiko ukikushinda jilaumu mwenyewe. Ukimfungia simu ndugu yako wa tumbo moja, hata ujumbe haupiti, unataka akufikie vipi? Kwa kupiga filimbi?

Mama ametoka hospitali Ijumaa. Anatembea na fimbo mpaka mlangoni na kurudi. Sauti imebaki ya kukwaruza, na daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Ulimi lakini haujapata hata mchubuko. Jana kamwambia wifi yako kwamba uji wake una madonge ya kutosha kujengea ukuta. Basi usikonde.

Sasa lililonikalisha. Nimeona ulichokileta kwenye ukurasa wa Pacha, programu yetu. Ni marekebisho makubwa na nimeyasoma yote, nitayaangalia nikipata nafasi. Lakini yale maelezo uliyoyapachika juu yake, kwamba Pacha ilivyo sasa "inaweza kuua mtu", hayo naomba uyaondoe. Ukurasa ule unasomwa na dunia nzima. Kuna vyuo, kuna maghala, kuna kliniki kama hii ya kwetu, wote wanaichukua programu yetu bure na kutuamini. Unachafua kitu tulichokijenga wote wawili kwenye meza ya chakula ya mama, wewe ukiwa bado mwanafunzi na mimi nikila mshahara wangu wote kwenye vifurushi vya intaneti. Kilichompata mama ni uzembe wa nesi. Nesi amechoma sindano bila kuuliza vizuri, programu inaingiaje hapo?

Fungua simu. Mama anakuulizia.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, amebadilishiwa zamu na sasa tunaonana kwa kupishana mlangoni. Barua yako ilikaa posta, kisha ikakaa kwenye mkoba wangu, kwa sababu nilijua nikiifungua nitakasirika. Nimeifungua na nimekasirika.

Mwambie mama namsalimu sana. Mwambie nimefurahi kusikia habari za uji.

Kwenye ule ukurasa umenijibu hivi: "Asante kwa mchango wako, tutauangalia." Mbele ya dunia nzima, kana kwamba mimi ni mtu aliyepita na bahasha ya kuomba kazi. Tutauangalia, wewe na nani? Pacha ina wenyewe wawili, na ufunguo wa kupokea mabadiliko unao wewe peke yako kwa sababu nilikuachia kwa adabu, kaka mkubwa.

Hebu nikukumbushe, maana naona unasahau kwa makusudi. Mama alipokuwa kwangu alimeza vidonge vya penisilini, midomo ikavimba, akawa anapumua kwa shida. Nikamkimbiza kliniki, tawi la huku. Nesi akaandika kwenye kadi yake, ile ya kwenye kompyuta: asipewe penisilini tena maisha yake yote. Mama akaomba aandikiwe na kikaratasi akiweke kwenye pochi. Nesi akacheka. "Mama, siku hizi kikaratasi cha nini? Kikiandikwa huku, na kule unakosafiri kinaonekana papo hapo." Na mimi, kiburi kikanipanda, nikasema programu inayofanya hivyo tumeitengeneza sisi, wanawe. Ungemwona mama. Alimwambia mpaka mlinzi wa getini.

Akarudi kwako bila kikaratasi. Akapatwa na kifua, akaulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, akasema, "Tazameni humo, yote yameandikwa." Wakatazama. Hakuna kitu. Wakamchoma penisilini.

Nesi alizembea nini hapo?

Unajua kilichotokea kama ninavyojua mimi. Waya kati ya matawi ulikuwa umekatika. Kadi ya mama iliguswa huku, na waya haujarudi ikaguswa na huko. Waya uliporudi Pacha ikakuta kadi mbili zisizofanana, ikafanya tulivyoifundisha, tuseme ulivyoifundisha: aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Ikachukua kadi yote ya huko, ikaitupa yote ya huku, onyo na kila kitu. Mimi toka mwanzo nilisema zikigongana zishikwe zote mbili, aulizwe binadamu. Ukaniambia nina roho ya karani. Marekebisho yangu yanafanya hilo tu. Yapokee.

Halafu, nani aliigusa kadi ya mama huko? Alikuwa ndiyo kwanza ashuke safarini, mzima, hajakanyaga kliniki.

Tena nashangaa kliniki hawakunipigia. Habari nililetewa na Mama Cherehani, yule fundi wa nguo wa nyumba ya pili. Ndiye aliyempeleka mama, ndiye aliyekaa naye, analia kwenye simu na bado ana futi yake shingoni. Wewe hukupatikana.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimebana. Nyumbani salama. Tumemwekea mama kiti cha mikono pale dirishani, anaona barabara yote na anatangaza habari kuliko redio. Sauti bado. Mama Cherehani anakuja kila jioni akifunga duka, wananong'ona weee, kisha wanacheka, nikiingia wananyamaza.

Umeandika kwa uchungu na mimi nakupa pole. Lakini tuongee kama mafundi. Watu wanaichukua Pacha kwa sababu ni nyepesi: kinachobadilika huku inakidaka na kukifikisha kule kabla hujapepesa jicho. Ukiweka haya yako, kila mgongano utasimama kumngoja mtu aje aamue. Mtu yuko likizo. Mtu kaenda kula. Kwenye ghala la vipuri nani ana muda huo? Wataniuliza mimi, na mimi ndiye ninayesimama mbele za watu kuieleza programu hii, si wewe. Wewe huonekani.

Na hilo la kutopatikana, usinitie kidole machoni. Nilikuwa jukwaani. Mkutano mkubwa kuliko wote niliowahi kualikwa, ukumbi umejaa, naionyesha Pacha. Kliniki walinipigia wee, na simu nimeizima kama anavyoizima mtu yeyote mwenye heshima. Nilipoiwasha nikakuta mlolongo. Unafikiri mimi nililala siku ile? Unafikiri nafurahia?

Funika kombe mwanaharamu apite. Mama yu hai. Tushukuru.

Kaka yako


23 Mei

Kaka,

Shikamoo, huku wazima, na mimi leo sina habari za familia.

Umeandika kwa mkono wako kwamba kliniki walikupigia wewe, tena wakarudia. Kliniki hawapigi namba za kubahatisha. Wanafungua kadi ya mgonjwa, wanatazama jina la mtu wa kuitwa, wanampigia huyo. Mama alipopanda basi kurudi kwako, jina lililokuwa pale lilikuwa langu.

Kwa hiyo ni wewe uliyeigusa kadi. Hukungoja hata afungue sanduku. Uliingia kwa ule ufunguo wa fundi waliotupa ili tuitunze Pacha, ukalitoa jina langu, ukaweka lako. Kwa ajili ya namba ya simu. Namba yenyewe ukaizima.

Yapokee marekebisho.


6 Julai

Mdogo wangu,

Wifi yako anasema nisikujibu nikiwa na hasira. Nimengoja hasira ziishe, naona zimehamia rasmi, zimelipa na kodi. Basi nakujibu nazo.

Na jina lako lilifikaje pale? Mbona hapo umeruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto? Tangu kliniki ile ifunguliwe jina la mtu wa kuitwa lilikuwa langu. Mama kaja kwako Januari kutembea, hata viatu hajavua, tayari wewe umeshaingia kwa ufunguo huohuo wa fundi ukanifuta. Nilikuta nimefutwa nikiwa kazini, mbele ya watu, natafuta kitu kingine kabisa. Mimi ndiye ninayejua anaogopa sindano ya mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyelala naye zahanati miaka yote ile wewe ukituma pole kwa simu na ushauri usioulizwa. Halafu mtu anakuja na kidole kimoja ananifuta!

Ndiyo maana nikarudisha. Sikujua kuna onyo upande wako. Waya ulikuwa umekatika, ningejuaje? Nilirudisha kilichokuwa changu.

Unaniambia yapokee, yapokee. Umewahi kujiuliza nikipokea nasaini nini? Ule ukurasa hausahau. Jina langu litakaa pale milele, na tarehe, kwamba mimi mwenyewe nimekubali Pacha niliyoisifu kwenye majukwaa ilimtupia mama yangu onyo lake kwenye taka, na mkono uliosababisha ni wangu. Watoto wangu watasoma. Kosa tulilifanya wawili lakini kupokea nitapokea mmoja. Ni rahisi kwako kuwa na dhamiri ukiwa mbali.

Mama hajui lolote kati ya haya. Na asijue.

Kaka yako


28 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tumehamia chumba cha pili cha ofisi, kile kisicho na dirisha, nakuandikia nikiwa humo wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Nyumbani wazima.

Sikukufuta. Nilirekebisha. Mama alikuwa kwangu, akizidiwa anatakiwa aitwe mtu aliye karibu. Ni hivyo tu, na sitalizungumza tena.

Sasa soma ukurasa wa Pacha, kama hujausoma. Kuna mtu amejitokeza, hatumjui, anatunza kompyuta za kliniki ya kina mama, wala hajasema nchi gani. Amesema wao pia kadi mbili ziligongana, na kundi la damu la mama mmoja aliyekuja kujifungua likabadilika likarudi la zamani, la makosa. Mkunga alishtuka kwa sababu anamfahamu huyo mama, wakapima upya. Angekuwa mkunga mwingine, leo tungekuwa tunasoma mengine. Anauliza kwa upole kabisa: "Je, kuna marekebisho?" Yapo, kaka. Yapo toka Machi. Yamekaa chini ya kiti chako.

Utaniambia kwa nini nisichukue nakala ya Pacha niipe jina lingine niitoe mwenyewe. Naruhusiwa, ni programu huria, hata mpita njia anaruhusiwa. Nakala ninayo, iko tayari, sijaitoa. Kwa sababu watu wanakufuata wewe. Yangu itakaa kichochoroni hakuna anayeijua, na kliniki zote zitabaki na ile ya kwako mpaka mwingine avimbe koo. Ukipokea wewe, yanawafikia wote. Hilo ndilo ninaloling'ang'ania, si kukuaibisha. Au tuseme kukuaibisha kulikuwepo mwanzoni. Sasa kumeisha.

Niandike mimi. Andika juu yake kwamba kosa lilikuwa langu, weka jina langu, sitabisha. Ila pokea.

Mdogo wako


19 Septemba

Mdogo wangu,

Nimepokea. Utakuwa umeshaona. Nimeyapitisha kama ulivyoyaandika, na maneno yako ya juu sijayagusa, "inaweza kuua mtu" na yote. Jina lako sijaliweka kwenye kosa. La kwangu pia sijaliweka. Nimeandika tu kwamba limetokea kwenye kliniki moja.

Usinishukuru mimi. Jumamosi nilikuwa namkata mama kucha, miguu yake iko kwenye mapaja yangu, redio imezimwa kwa kuwa umeme ulikuwa hakuna. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya kukwaruza, pole pole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Hivi, si mlisema kikiandikwa kule kinaonekana huku?" Nikasema ndiyo mama. Akangoja. Nikaendelea kukata. Akasema, "Maana mimi nilimwambia yule nesi tazama humo. Nilimwambia wanangu ndio waliotengeneza." Nikamaliza kidole cha mwisho, nikanawa mikono, nikaenda kwenye kompyuta.

Nafikiri anajua. Au hajui. Nimeogopa kuuliza.

Nina neno moja la mapatano. Kadi yake tuiache. Nimemwambia dada wa mapokezi aandike majina yote mawili, langu la kwanza kwa kuwa mama yuko kwangu, lako la pili. Mimi sitaigusa na wewe usiiguse. Tumekubaliana?

Kliniki wameweka Pacha mpya kwenye matawi yote mawili. Kadi zikigongana inaziweka pembeni zote na kuziwekea rangi ya njano, na mapokezi wanampigia mwenye kadi mwenyewe. Inafanya kazi vizuri. Nasema hivi kama fundi.

Kaka yako


10 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo sana. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za posta, watu wananipita. Nimelia, nakwambia wewe tu.

Tumekubaliana. Lako la kwanza, langu la pili, wala sitaigusa. Yule wa kliniki ya kina mama ameandika asante kwenye ukurasa, umeona? Nimekuombea likizo, yaani nimejiombea mimi, nakuja Desemba. Simu nimeifungua. Nipigie, ila usianze na habari za kazi.

Shemeji yako anasema hajawahi kuniona nikipiga miluzi nikiosha vyombo. Mbusu mama. Mwambie Mama Cherehani namletea mkasi mzuri, ule wake umekwisha.

Mdogo wako


21 Novemba

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi tupo. Ningeweza kukupigia, simu yako sasa inaita, lakini hili nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu utanikatisha na mimi nitakupandishia sauti, na itakuwa yaleyale.

Wiki iliyopita watu wa barabara walichimba wakakata waya. Matawi yakakaa mbalimbali, kila moja na lake. Waya uliporudi Pacha ikapita kadi zote na kukuta mgongano mmoja tu. Mmoja, katika kliniki nzima. Dada wa mapokezi akaniita nije kuona, alifurahi maskini, hajawahi kuona rangi ya njano. Ilikuwa kadi ya mama.

Kwa upande wa huku mtu wa kuitwa alikuwa mmoja, mimi. Kwa upande wa huko alikuwa mmoja, wewe. Kila mmoja alimtoa mwenzake, siku moja. Sitakuuliza ulikuwa unatafuta nini humo, na wewe usiniulize.

Ningeweza kuimaliza palepale, ufunguo ninao. Lakini dada wa mapokezi alikuwa amesimama begani kwangu, na alikuwa ameshashika simu, kwa kuwa ndivyo ulivyoandika wewe na ndivyo nilivyopitisha mimi: aulizwe mwenye kadi. Akampigia mama nikiwa nimekaa pale. Akaiweka simu kwa sauti ya nje ili aandike vizuri.

Akamwambia, "Mama, samahani, kompyuta imekuta majina mawili. Kuna mwanao wa kiume na kuna mwanao wa kike. Ukizidiwa tumwite nani?"

Nikasikia cherehani inakwenda nyuma ya mama, maana siku hizi Mama Cherehani anahamishia kazi zake kwetu ili asimwache peke yake. Nikasikia cherehani imesimama.

"Ni lazima awe mwanangu?" mama akauliza.

"Hapana mama. Yeyote atakayepokea simu."

"Basi niandikie huyu fundi wa nguo," akasema. Akamtajia na namba, kwa kichwa, bila kukosea hata moja. "Wale wengine watoe. Wana kazi nyingi."

Dada wa mapokezi hakunitazama. Akaandika, akabonyeza. Nimeiona ikiingia kwenye kadi ya huku, na kabla sijainuka kwenye kiti ilikuwa imeshafika na huko kwako, safi, bila kupoteza hata herufi. Ukitaka kaitazame.

Niliporudi nyumbani nilitaka kumwuliza mama. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake. Akaniambia nimsogezee redio.

Njoo Desemba. Mkasi usiusahau.

Kaka yako